Mwanywa Nini Kwenu?

Karani mmoja wa Serikali, mwenyeji wa Murang'a, alipelekwa Uingereza kwa masomo ya miezi michache. Jumamosi moja ya mwezi wa Oktoba, mkulima wa wilaya ya Hereford alimkaribisha shambani kwake, na huko akaona matofaa mengi yametapakaa chini ya miti, mekundu na ya manjano, kama kwamba mwenyewe hana haja nayo. Karani akaokota moja zuri, akalifuta kwa leso, akaliuma, na papo hapo akalitema. Lilikuwa chungu, tena lenye ukakasi wa kukausha ulimi kama ndizi mbichi. Mwenyeji wake alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akamweleza kwamba matofaa yale hayakupandwa ili yaliwe. Hupandwa kwa ajili ya saida, yaani pombe ya matofaa.

Akamwonyesha na kazi yenyewe. Matofaa hupondwapondwa yakawa kama uji mzito, halafu huo uji hufungwa katika vitambaa, tabaka juu ya tabaka, na kushindiliwa kwa nguvu mpaka maji yote yatoke. Maji hayo hutiwa katika mapipa ya mbao na kuachwa kipindi chote cha baridi. Hayapikwi, wala kwa desturi ya zamani hayatiwi hamira, kwa sababu hamira yake huishi katika ganda la tunda na katika mbao za shinikizo. Kazi ya mtu ni kungoja tu. Mwezi wa Januari watu wa nchi ile hukusanyika usiku penye mti mkubwa wa shamba, wakaumwagia saida shinani na kutundika vipande vya mkate matawini, ili mti uzae vema mwaka ujao. Desturi hiyo wangali nayo katika vijiji vingi.

Alielezwa pia kwamba hapo kale vibarua wa mashamba yale walikuwa wakilipwa sehemu ya mshahara wao kwa saida, mpaka sheria ya mwaka 1887 ilipokataza jambo hilo. Karani, ambaye kazi yake ya kila siku ni hesabu za mishahara, alilishika neno hili kuliko mengine yote.

Walipokwisha kuketi, mkulima akamwuliza, "Na ninyi kwenu mwanywa nini?"

Karani akajibu kwamba kwao hunywa bia, akaitaja kwa jina, ile ya chupa yenye picha ya ndovu.

"Hiyo naijua," akasema mkulima. "Huuzwa hata London. Mimi nauliza ile yenu."

Karani hakuwa na jibu. Alikuwa amesikia majina mengi, kama vile muratina, mnazi, busaa na mbege, lakini hakuweza kueleza hata moja jinsi itengenezwavyo. Mtu aliyesoma mpaka kidato cha nne katika shule ya misheni, awezaye kutaja mito ya Ulaya kwa mfululizo, alikaa kimya mbele ya mkulima aliyemwuliza habari za kwao. Fedheha hiyo alirudi nayo nyumbani.

Basi alipopata likizo yake ya siku 21, hakwenda kukaa mjini kama ilivyokuwa desturi yake. Alinunua daftari ya senti chache, akapanda basi la Mombasa.

Kituo chake cha kwanza kilikuwa Kaloleni, kwa mwenzake wa zamani wa shule. Baba wa mwenzake ni mgema, na alfajiri karani alipelekwa kumtazama akipanda mnazi kwa ngazi zilizokatwa katika shina lenyewe, kotama kiunoni na kibuyu mgongoni. Mgema hulifunga karara kabla halijapasuka, akalikata ncha, na kila apandapo hulichonga tena kidogo sana, unene wa ukucha, ili maji yasikome kutoka. Hupanda asubuhi na jioni, kila siku, mvua au jua. Maji yatokayo ni matamu kama ya muwa, na hapo huitwa tembo tamu. Lakini huanza kuchachuka pale pale kibuyuni, bila mtu kutia kitu. Kufika jioni yamekwisha kuwa pombe. Yakilala mpaka kesho ni makali zaidi, na yakizidi kukaa huwa siki ya kupikia. Hii ndiyo sababu tembo haliwezi kwenda mbali. Mtu atakaye kulijua sharti alifuate liliko, na alinywe katika kata, kwa mrija wenye kichujio, akiwa ameketi na wenyewe.

Karani alifanya hesabu mara moja, maana ndiyo tabia yake. Karara lililogemwa halizai nazi. Je, mzee haoni kwamba apoteza nazi zake? Mzee akamjibu, "Mwanangu, nazi huuzwa mara chache kwa mwaka. Tembo huuzwa leo. Karo ya shule hainingoji mpaka nazi zikauke." Karani akaandika. Na jioni, alipoanza kulisifu mno tembo la mwenyeji wake, wazee walitazamana wakacheka, wakamkumbusha mithali ya mgema asifiwaye.

Hapa yafaa kutaja jambo moja la lugha. Watu wa pwani hawakuchanganya maneno haya mawili hapo kale: tembo ni kinywaji cha mnazi, na pombe ni ile ya nafaka. Siku hizi yote huitwa pombe. Lakini tofauti ile ya zamani ina maana kubwa, kama karani alivyogundua alipofika Moshi.

Alipita Voi na Taveta, akavuka mpaka Holili, na siku ya tatu alikuwa katika vihamba vya Wachaga, chini ya migomba, penye baridi ya mlima Kilimanjaro. Mama mmoja auzaye mbege alikubali kumfundisha, kwa sharti kwamba ashike mwiko na kukoroga. Ndizi mbivu hupikwa kwa muda mrefu, kisha huachwa siku kadhaa zichachuke, na baadaye huchujwa. Upande wa pili ulezi huloweshwa mpaka uote, hukaushwa, husagwa, na kupikwa uji. Vitu hivi viwili huchanganywa vikiwa vimepoa, na kesho yake mbege i tayari. Lakini bado pana kitu cha tatu, gome la mti uitwao msesewe, ambalo lina uchungu mkali. Karani aliuliza kwa nini mtu aharibu utamu wa ndizi kwa uchungu wa gome.

"Onja kwanza isiyo na msesewe," mama akamwambia.

Akaonja. Ilikuwa tamu ya kukinaisha, kama uji wa mtoto. Alipoonja ile yenye msesewe, akayakumbuka matofaa ya Hereford aliyoyatema. Kumbe watu wa nchi mbili zisizojuana wametafuta uchungu kwa shauri moja, na watengenezaji wa bia ya chupa nao hutia maua ya hopu kwa sababu iyo hiyo. Utamu peke yake hauna msimamo kinywani.

Jambo la pili alilojifunza Moshi ni sababu ya kuotesha ulezi. Tembo la mnazi na saida ya matofaa hutokana na maji yaliyo matamu tangu mwanzo, kwa hiyo hamira huyala bila kusaidiwa. Nafaka haina sukari ya namna hiyo, ina wanga. Mbegu inapoanza kuota huugeuza wanga wake uwe sukari ili kukilisha chipukizi, na hapo mpishi huikatiza njiani kwa kuianika juani. Hicho ndicho kimea. Bibi zetu hawakusoma elimu ya viumbe, lakini walijua kwa vidole vyao ni siku gani mbegu imeota vya kutosha na ni siku gani imepita kiasi. Mama yule alitia mkono katika gunia, akatoa chembe chache, akazitazama, akasema, "Bado kesho." Hakuangalia kalenda.

Kutoka Moshi karani alikwenda Nairobi kwa njia ya Namanga. Habari za bia ya chupa zinajulikana kwa wasomaji wengi, kwa hiyo zitatajwa kwa ufupi. Kiwanda cha Ruaraka kilianzishwa mwaka 1922. Mwaka 1923 mmoja wa waanzilishi wake, George Hurst, aliuawa na ndovu alipokuwa akiwinda, na bia ya Tusker ikapewa jina hilo kwa kumkumbuka. Lakini bia yenyewe, ile nyeupe ya rangi ya dhahabu inywewayo baridi, asili yake si Uingereza wala Kenya. Ilitengenezwa mara ya kwanza mwaka 1842 katika mji wa Plzeň, ulio katika nchi ya Chekia ya leo, na kutoka huko ikazunguka dunia nzima. Ni msafiri hodari kwa kuwa huwekwa ndani ya chupa iliyozibwa. Mtu aweza kuinywa Mombasa, Moshi na Kampala, akaona ladha ile ile. Wengine husifu jambo hilo. Karani alikuwa akilisifu yeye pia, kabla ya safari hii.

Alipokuwa akingoja basi la magharibi, kijana mmoja alimjia akiwa na chupa ndogo ya plastiki, akamnong'oneza kwamba anacho kitu kikali kwa bei rahisi. Karani akamwuliza kimetengenezwa kwa nini. Hajui. Kimetengenezwa na nani? Hajui. Karani akamrudishia chupa yake. Msomaji asidhani kwamba huo ulikuwa woga wa bure. Mwaka 2000 mjini Nairobi watu zaidi ya 100 walikufa kwa kunywa pombe iliyotiwa methanoli, yaani spiriti ya viwandani, na wengine wakapofuka. Mwaka 2014 mwezi wa Mei msiba wa namna hiyo ulirudi katika wilaya kadhaa za nchi, nao ukaua watu wapatao 100. Methanoli haina harufu ya kumwonya mnywaji, wala haimlevyi kwa namna iliyo tofauti na pombe ya kawaida. Madhara yake huonekana baada ya saa nyingi, mara nyingi yakianzia machoni. Wagema wa Kaloleni na mama wa Moshi walijibu maswali yake yote kabla hajamaliza kuuliza. Huyu hakuweza kujibu hata moja.

Kakamega alikaa usiku mmoja tu, akaona busaa ikitengenezwa kwa unga wa mahindi uliochachushwa, ukakaangwa juu ya bati mpaka ukawa rangi ya kahawia, kisha ukatiwa maji na kimea cha wimbi. Harufu ya unga ule ukikaangwa ni nzuri kama ya mkate. Kesho yake akafika Busia.

Huko alikaribishwa katika boma la Wateso, na hapo ndipo alipokawia kuliko mahali pengine pote. Kinywaji chao huitwa ajon, na miji ya Uganda hukiita malwa. Unga wa wimbi huchachushwa siku kadhaa, hukaangwa, huanikwa, kisha huchanganywa na kimea cha wimbi na maji chunguni. Siku ya kunywa chungu huwekwa katikati, wazee wakakizunguka, kila mmoja na mrija wake mrefu wenye kichujio kidogo kilichosukwa mwishoni. Mama wa nyumba huja na birika la maji ya moto akaongeza. Pombe hupungua nguvu polepole kwa kila birika, nayo mazungumzo huendelea. Mtu anywaye hivyo hana kikombe cha kumaliza wala cha kujaziwa. Hawezi kuharakisha, maana mrija ni mwembamba, wala hawezi kujificha, maana wote wamtazama.

Karani, kwa kutojua, alipuliza mrija wake ili kuuzibua, na povu likatoka chunguni. Mazungumzo yalikoma. Mzee mwenye boma akamwambia kwa upole, "Mgeni wetu, mrija hunyonywa, haupulizwi. Ukipuliza, umeturudishia sisi sote yaliyomo kinywani mwako." Karani akaomba radhi. Mzee akaamuru apewe mrija mwingine, na mambo yakaisha. Lakini kwa muda wa robo saa hivi karani alitamani ardhi immeze.

Mama wa boma lile amewasomesha watoto wanne kwa chungu hicho. Alimhesabia karani: bei ya debe la wimbi, kuni, siku za kazi, na faida iliyobaki. Hesabu yake ilikuwa sawa kabisa, ingawa hakuiandika popote. Hofu yake ilikuwa juu ya wimbi lenyewe. Mwaka wa mvua haba, akasema, wimbi la pombe na wimbi la uji hutoka ghala moja, na mwanamke ndiye ajuaye ni lipi la kupunguza. Amewahi kukaa msimu mzima bila kutengeneza ajon, kwa sababu watoto walihitaji uji.

Na jambo hilo la nafaka halihusu vyungu vya nyumbani peke yake. Ng'ambo ya mpaka, mwaka 2002, kiwanda cha Nile Breweries kilicho karibu na Jinja kilianza kuuza bia iitwayo Eagle, itengenezwayo kwa mtama wa aina ya Epuripur, ambao asili yake ni kituo cha utafiti cha Serere, huko huko Teso. Kenya nayo ilipata Senator Keg mwaka 2004, bia ya bei nafuu iliyosamehewa ushuru ili watu waache vinywaji vya hatari, na wakulima wengi wakapanda mtama kwa ajili yake. Mwaka 2013 Serikali ilirudisha nusu ya ushuru. Bei ikapanda, wanywaji wakapungua, na mkulima aliyekwisha kupalilia mtama wake akajikuta hana mnunuzi. Nafuu ilirudishwa kwa sehemu kubwa mwaka 2015. Mtama si zao la siku mbili, na kalamu ya ofisini huenda mbio kuliko jembe. Makarani wangefanya vema kulikumbuka hilo.

Siku zilikuwa zimekwenda. Karani alipita Tororo na Jinja, akafika vijiji vya Buganda vilivyo nje ya Kampala, akaonyeshwa tonto. Ndizi za pombe, ziitwazo mbidde, huivishwa shimoni kwa moshi na majani, kisha humenywa na kukanyagwa kwa miguu pamoja na majani makavu mpaka maji yake yajitenge. Maji hayo matamu hutiwa katika mtumbwi wa mti pamoja na mtama uliokaangwa, yakafunikwa kwa majani ya migomba, na baada ya siku moja au mbili ni tayari. Karani akatazama mtumbwi ule, akafikiri mapipa ya Hereford. Matunda kukamuliwa, maji kukaa katika mti, na watu kungoja. Tofauti iliyopo ni kwamba Mwingereza hungoja miezi kwa ajili ya baridi, na Mganda hungoja siku mbili kwa ajili ya joto. Akanywa kibuyu kimoja, akaona tonto ina ladha ya moshi, nayo yampendeza kuliko zote alizozionja, ila ile mbege yenye msesewe.

Alirudi Murang'a akiwa na siku nne za likizo zilizobaki. Jioni ile ile alikwenda kwa baba yake mdogo, akamsomea daftari yake yote, kurasa 34. Mzee alisikiliza bila kusema neno. Mwishowe akauliza, "Na ya kwetu umeiandika ukurasa gani?"

Karani akasema kwamba ndiyo sababu ya kuja.

Mzee akainuka, akaangua kibuyu kikubwa kilichotundikwa ukutani, kimejaa vumbi na utando wa buibui. Akasema kwamba hakikutumiwa tangu harusi ya binti yake wa mwisho. Zamani kijana hakuruhusiwa kuonja muratina mpaka aoe na kuzaa. Ilikuwa ya wazee, na ya mahari, na ya kumwagwa chini kwa ajili ya waliotangulia. Baadaye wakaja waliotia sukari ya dukani na hamira ya mikate ili iive upesi, wakaiuza kwa siri usiku, na askari wakaja nyuma yao. Mtu mwenye heshima zake akaona ni afadhali kibuyu kikae ukutani.

Kisha akamweleza. Tunda la mwegea hupasuliwa, hukaushwa juani, huchemshwa ili kuondoa uchungu na sumu, halafu huloweshwa katika asali na kukaushwa tena. Hamira hukaa katika nyuzi zake, hata mtu aweza kulitumia tunda lile lile mara nyingi na kuwarithisha wanawe. Baadaye hutiwa kibuyuni pamoja na maji ya asali au ya muwa, na kibuyu kikawekwa karibu na meko, mahali pa joto la kadiri.

"Matunda yako wapi?" akauliza karani.

Mzee akamwambia kwamba yale yake yaliliwa na wadudu. Mwegea wa karibu ulikatwa kwa mkaa. Uliobaki u bondeni, upande wa Sagana. Asubuhi karani alitoka na panga na gunia, akarudi saa kumi akiwa na matunda matatu, kila moja zito kama mtoto mchanga, na shati lake limeraruka. Mzee akayapima kwa mkono, akachagua mawili, moja akalitupa. Akahesabu kwa vidole siku za kukausha, za kuchemsha, za kulowesha na za kukausha tena, kisha akatikisa kichwa. Siku tatu zilizobaki hazikutosha hata kwa kazi ya kwanza.

"Rudi mwezi wa Desemba," akasema. "Na usije na sukari. Njoo na asali."